Dr. Hugh Trowell: daktari wa Mulago aliyeuona ugonjwa wa moyo ukiingia kwetu

 

Mwaka jana hapa mtaani kwetu Igoma kuna mzee mmoja mwenye duka aliamka vizuri tu, akafungua biashara yake, ilipofika saa nne asubuhi akadondoka. Kabla hata hajafikishwa hospitali watu wa stendi walishajua nani kamroga. Baadaye ndio tukasikia kwamba mzee alikuwa na presha miaka mingi, na dawa alikuwa anameza siku akijisikia vibaya tu. Hakuamka tena. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, hivi huu ugonjwa umeanza lini huku kwetu? Katika kuperuzi nikakutana na maisha ya daktari mmoja wa zamani, nikaona si vibaya niwashirikishe.

Jina lake Hugh Trowell. Alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea udaktari London, na mwaka 1929 akaja Kenya kufanya kazi katika idara ya afya ya serikali ya kikoloni. Alikuja na mkewe Margaret, ambaye naye si wa kumpita hivi hivi. Huyu mama ndiye aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Sam Ntiro, Mtanganyika mwenzetu, mchoraji ambaye baadaye alikuwa balozi wetu London.

Turudi kwa daktari. Mwaka huo huo wa 1929 daktari mwingine aitwaye Donnison, aliyekuwa Kisii, upande wa Kenya wa ziwa letu hili, alitoa taarifa iliyowashangaza wengi. Alipima presha za watu wapatao 1,000. Kwa Wazungu ilijulikana kwamba umri ukienda na presha inapanda. Kwa watu wa Kisii haikuwa hivyo. Walipovuka miaka 40 presha yao ilikuwa inashuka badala ya kupanda!

Lakini tusijidanganye kwamba wazee wetu walikuwa wanaishi peponi. Malaria ilikuwa inaua, watoto walikuwa wanakufa kwa utapiamlo. Trowell alihamia Uganda mwaka 1935, akawa daktari wa Hospitali ya Mulago na mwalimu wa wanafunzi wa udaktari wa Makerere, chuo ambacho vijana wa Tanganyika nao walikuwa wanakwenda kusoma. Huko sehemu kubwa ya nguvu zake aliimalizia kwenye kwashiakoo, ule ugonjwa wa mtoto kuvimba miguu na nywele kubadilika rangi kwa kukosa lishe bora. Mwaka 1954 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo. Wagonjwa wa moyo Mulago walikuwepo pia, ila wengi moyo wao uliharibiwa na mambo mengine, kama kaswende au homa ile inayoanzia kwenye koo la mtoto na kuishia kula valvu za moyo. Ugonjwa wa mishipa ya moyo kuziba kwa mafuta, ule unaomdondosha mtu ghafla, kwa Mwafrika ulikuwa hauonekani kabisa.

Sasa sikilizeni hapa. Mwaka 1956, yaani baada ya kukaa Afrika Mashariki zaidi ya miaka 25, ndipo Trowell na daktari mwenzake Singh wakaandika kwenye jarida la madaktari la Afrika Mashariki habari za mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa huo. Alikuwa jaji, mtu mnene, aliyekwisha kuzoea maisha ya kizungu. Mgonjwa mmoja tu, na wakaona ni habari ya kuandikwa! Leo nani ataandika jaridani habari ya mgonjwa mmoja wa moyo?

Wakati ule vifaa vya kumsaidia mtu wa namna hiyo vilikuwa karibu hakuna. Betri ya moyo, ile ya kupandikizwa mwilini ili kuweka mapigo sawa, iliwekwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza Sweden mwaka 1958. Kuzibua mishipa ya moyo kwa puto dogo kukaja mwaka 1977 huko Uswisi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Trowell alirudi Uingereza akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Mwaka 1960 kikatoka kitabu chake juu ya magonjwa yasiyoambukiza Afrika. Wengi wangedhani mzee kamaliza kazi. Wapi! Mwaka 1970 alizunguka tena Afrika Mashariki, na alichokiona kilimshtua. Mijini watu wanene wamejaa, na kila mji mkubwa una kliniki ya kisukari. Watu wa nchi ile ile, damu ile ile, miaka 40 tu imepita. Hapo akajua kwamba maisha ndiyo yaliyobadilika.

Basi akaungana na Denis Burkitt, daktari mwenzake wa zamani wa Mulago, wakaanza kupigia debe makapi-mlo, yaani zile nyuzinyuzi za kwenye nafaka, maharage, mboga na matunda ambazo kiwanda kinazitoa. Mwaka 1981 wakatoa kitabu juu ya magonjwa yanayofuata maisha ya kimagharibi. Si kila alichosema kimekubalika kama alivyokisema, maana chumvi, sigara, unene na kukaa bila kutembea vina makosa yao pia. Trowell alifariki mwaka 1989.

Wadau, haya hayako mbali na sisi. Utafiti uliofanyika Bugando kati ya 2009 na 2011 ulionyesha kuwa magonjwa yanayotokana na presha yalishika nafasi ya pili kwa kuua watu wazima waliolazwa, nyuma ya ukimwi tu. Kwa wenye zaidi ya miaka 50 yalikuwa ya kwanza. Hiyo ni Bugando hapo mlimani, ndugu zangu, si Ulaya.

Siku hizi vifaa vipo. Tangu mwaka 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar, wanaweka betri za moyo, wanabadilisha valvu, wanazibua mishipa. Ambaye moyo wake umeshaharibika anahitaji hivyo vitu, asidanganywe kwamba majani yatamponyesha. Na mwenye presha ameze dawa kila siku hata akijisikia fiti. Lakini betri haiwezi kukutembeza wala kukutolea chumvi kwenye sahani.

Kwa hiyo sisi ambao bado tupo fiti tuanzie hapa: dona badala ya sembe, michembe na matobolwa badala ya chipsi mayai kila jioni, chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, sigara tuachane nayo, na safari fupi za mjini tutembee kwa mguu. Na presha ipimwe. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa siku tofauti, muone daktari. Yule mzee wa duka hakulogwa.

Wewe unayesoma hapa, baba na mama yako walipimwa lini? Toeni maoni hapo chini. Nawakilisha.