Louis Blériot na Upepo

Louis Blériot alizaliwa mjini Cambrai, katika nchi ya Ufaransa, mwaka 1872. Alipokuwa mtu mzima alipata mali kwa kuunda taa za motokaa, lakini moyo wake ulitamani kuruka angani. Basi akaunda eropleni moja baada ya nyingine, na nyingi zilianguka zikavunjika. Kila ilipovunjika moja, alichunguza sababu yake, kisha akaunda nyingine. Maana kupotea njia ndiko kujua njia. Mali yake ikapungua sana, wala hakukata tamaa.

Ilikuwa hatari kubwa kutua siku ya upepo. Eropleni hutua vyema ikiukabili upepo. Lakini upepo ukivuma ubavuni huisukuma upande, na magurudumu yataka kwenda mbele; ndipo miguu yake huvunjika, au bawa hugusa chini, na chombo hupinduka. Kwa hiyo katika eropleni yake ya 11, Blériot aliyafanya magurudumu mawili ya mbele yaweze kugeuka, yaifuate njia ambayo chombo chenyewe chaenda.

Gazeti moja la London liliahidi pauni 1,000 kwa mtu wa kwanza atakayeruka juu ya bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza. Alfajiri ya tarehe 25 Julai 1909, Blériot alipaa karibu na Calais. Mguu wake ulikuwa umeungua, akitembea kwa magongo. Wala dira hakuwa nayo. Kwa muda wa dakika kama 10 hakuona nchi kavu upande wo wote. Baada ya dakika 36 hivi alikuwa Dover, lakini hapo upepo ulivuma kwa vishindo na kumzungusha. Akazima mtambo, eropleni ikaanguka chini, ikavunjika miguu. Yeye akatoka mzima, na sifa zake zikaenea duniani.

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule alikwenda Constantinople kuonyesha kuruka. Upepo ulikuwa mkali, lakini watu wengi waliongoja walianza kunung'unika. Blériot akapaa ili kuwaridhisha. Upepo ukamtupa juu ya paa la nyumba, akavunjika mbavu, akalazwa hospitali majuma matatu.

Tangu hapo aliacha mashindano ya kuruka. Akaunda eropleni nyingi, akaanzisha na shule za marubani. Marubani wengi wa siku zile walikufa vijana. Blériot aliishi hata mwaka 1936. Alikuwa hodari wa kuthubutu, na hodari vile vile wa kuacha.