Fröbel: Mwasisi wa chekechea aliyeupa mchezo hadhi ya elimu

MTOTO anayeviringisha mpira uwanjani, au anayepanga vipande vya mbao kisha akavibomoa, huonekana na wengi kama anayepoteza wakati. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeasisi shule za chekechea, alitumia miaka yake ya mwisho kuipinga dhana hiyo. Alifariki shule zake zikiwa zimepigwa marufuku katika dola ya Prussia.

Fröbel alizaliwa Aprili 21, 1782, kijijini Oberweissbach, eneo la Thuringia. Mamaye aliaga dunia kabla yeye hajatimiza mwaka mmoja. Babaye, kasisi wa Kilutheri, alitingwa na shughuli za kanisa, naye mama wa kambo hakumwonyesha mapenzi. Upweke huo ulimfanya azoee miti na maua. Alipokuwa na umri wa miaka kumi, alichukuliwa na mjombake katika mji wa Stadtilm, na huko akapata uhuru wa kucheza na wenzake.

Ujanani alijifunza kazi ya kutunza misitu, kisha akaenda Frankfurt mwaka 1805 akinuia kusomea usanifu wa majengo. Badala yake alipata kazi ya ualimu, na papo hapo akatambua huo ndio wito wake. Kati ya 1808 na 1810 aliishi Yverdon, Uswisi, akijifunza kwa mwanaelimu mashuhuri Johann Heinrich Pestalozzi. Baadaye alipigana vita dhidi ya Napoleon, kabla ya kufungua shule yake mwenyewe mwaka 1816.

Kadiri alivyofundisha, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba msingi wa elimu huwekwa kabla mtoto hajaanza shule. Hivyo basi, mwaka 1837 alianzisha kituo cha watoto wadogo mjini Bad Blankenburg. Mnamo 1840 alikipa jina lenye maana ya bustani ya watoto.

Huko aliwatengenezea watoto vifaa alivyoviita zawadi. Ya kwanza ilikuwa mipira laini ya uzi wa sufu yenye rangi sita. Ya pili ilikuwa tufe, mchemraba na mcheduara wa mbao. Ya tatu ilikuwa mchemraba uliogawika vipande vinane. Kwa kuutenganisha na kuuunda upya, mtoto alitambua nusu, robo na kitu kizima kwa mikono yake, hata kabla ya kujua kuandika tarakimu.

Nje ya darasa, watoto walicheza wakiwa wameshikana mikono katika duara, wakajifunza kusubiri zamu na kusikizana. Kila mmoja alikuwa na kijishamba chake cha kupanda mbegu, na pia walitunza sehemu ya pamoja. Fröbel aliwafunza wanawake vijana kusimamia kazi hiyo, hivyo akawafungulia njia ya taaluma ya ualimu.

Hata hivyo, Agosti 1851 serikali ya Prussia ilizifunga chekechea zote kwa madai kwamba zilieneza usoshalisti na ukanaji Mungu. Yaaminika kuwa wakuu walimchanganya na Karl Fröbel, mwana wa nduguye, aliyekuwa na msimamo mkali wa kisiasa. Rufaa za mzee huyo ziliambulia patupu. Alikufa Juni 21, 1852, akiwa na umri wa miaka 70.

Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1860. Kufikia wakati huo, wafuasi wake walikuwa wameieneza mbegu aliyoipanda mbali na kwao. Margarethe Schurz, kwa mfano, alifungua chekechea ya Kijerumani mjini Watertown, Marekani, mwaka 1856.

Hapa nchini, mzazi anayedai mwanawe wa chekechea ajaziwe daftari kazi ya ziada badala ya kuachwa acheze, anafufua mjadala ambao Fröbel aliufanyia kazi karibu karne mbili zilizopita. Jibu lake lilikuwa bayana: kwa mtoto mdogo, kucheza ndiko kusoma.