Salum Abdallah: Aliitafuta Cuba, akaiacha Morogoro kwenye santuri

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

NI vigumu kuizungumzia historia ya muziki wa dansi nchini bila kulitaja jina la marehemu Salum Abdallah Yazidu, mwimbaji na mtunzi aliyeiongoza bendi ya Cuban Marimba ya mjini Morogoro hadi kifo chake mwaka 1965.

Mashabiki wake walizoea kumwita SAY, yaani herufi za mwanzo za majina yake matatu. Aliishi miaka 37 tu. Hata hivyo, zaidi ya nusu karne baada ya kuzikwa, jina lake bado huzusha ubishi kila wanapokutana wapenzi wa zilipendwa, na santuri zake zinatafutwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipokuwa jukwaani.

Kisa chake kina jambo lisilo la kawaida. Salum Abdallah alijifunza muziki kutoka kwenye santuri zilizotolewa upya kwa ajili ya masoko ya mbali, na leo hii yeye mwenyewe anasikika kwa sababu santuri zake nazo zimetolewa upya, mbali na mji aliozaliwa.

Alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Baba yake alikuwa Mwarabu na mama yake Mluguru. Morogoro ya wakati huo ilikuwa mji wa reli na mkonge, chini ya milima ya Uluguru. Treni za Reli ya Kati zilipita hapo zikielekea Kilosa, Dodoma na Tabora, na mashamba ya mkonge yalikuwa yamekusanya vibarua wa makabila mengi. Mahali penye mshahara wa mwisho wa mwezi hapakosi ngoma, na vijana wa mji walikuwa wameanza kuliacha beni na kuukimbilia muziki mpya wa magitaa.

Muziki huo haukuletwa na wanamuziki. Uliletwa na santuri.

Sahani za GV

Mwaka 1933, kampuni ya Gramophone ya Uingereza, yenye nembo ya HMV, ilianza kutoa mfululizo wa santuri uliobeba herufi GV. Hazikuwa rekodi mpya. Zilikuwa nyimbo za Cuba na nchi jirani zilizokwisha kurekodiwa na kuuzwa kwingineko, zikachaguliwa na kuchapwa tena kwa ajili ya wateja wa Afrika. Ya kwanza kabisa ilikuwa El Manisero, wimbo wa mchuuzi wa karanga, uliorekodiwa New York mwaka 1930 na bendi ya Don Azpiazu kutoka Havana. Baada yake zilifuata nyingine zaidi ya 200, zikiwamo za Trio Matamoros na Sexteto Habanero.

Wateja wa Afrika Mashariki, kama wenzao wa Kongo, walizipokea sahani hizo kana kwamba ni barua kutoka kwa ndugu aliyepotea. Kwa namna fulani ndivyo ilivyokuwa. Midundo ya Cuba ilikuwa na asili kwa Waafrika waliovushwa bahari utumwani, wengi wao kutoka eneo la Kongo. Hata neno marimba ni la Kibantu, nalo lilivuka bahari pamoja nao.

Kuwa na santuri wakati huo hakukuwa jambo dogo. Sahani iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilikuwa nzito na ikianguka ilivunjika kama chungu. Gramafoni ilizungushwa kwa mkono, sindano ya chuma ilikwisha makali upesi, na kila upande wa sahani ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi. Mwenye gramafoni alikuwa na wageni kila jioni. Vijana walisikiliza, wakarudia, wakashika maneno ya Kihispania kwa sikio bila kujua maana yake, kisha wakaenda kuyajaribu kwenye magitaa yao.

Salum Abdallah alikuwa miongoni mwa waliopagawa. Wanaoijua historia yake husimulia kwamba akiwa kijana alitoroka nyumbani, akafika hadi Mombasa akiwa na nia ya kupanda meli kwenda Cuba ili akajifunze muziki huo mahali ulikozaliwa. Hakupata njia ya kuvuka bahari. Alirudi Morogoro, na safari ile ambayo haikutimia ndiyo iliyompa kazi ya maisha yake.

Kutoka La Paloma hadi Cuban Marimba

Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 20, alianzisha kundi aliloliita La Paloma. Jina hilo, lenye maana ya njiwa kwa Kihispania, ni jina la wimbo uliokuwa umekwisha kuzunguka dunia nzima. Miaka michache baadaye kundi hilo lilizaa bendi ambayo ingemletea sifa Afrika Mashariki yote, Cuban Marimba.

Ukitazama majina hayo peke yake unaweza kudhani kwamba Salum Abdallah alikuwa mwigaji. Nyimbo zake zinasema vingine. Rumba na cha cha cha vilikuwapo, magitaa yalifuata njia ya Cuba, lakini uimbaji ulikuwa wa Kiswahili fasaha, wa sauti kadhaa zilizopangwa kwa makini, na mambo yaliyoimbwa yalikuwa ya hapa hapa: mapenzi, ndugu na jamaa, fitina za mtaani, fahari ya mji na, kadiri uhuru ulivyokaribia na kupatikana, ujenzi wa taifa. Kwa vizazi vilivyofuata, wimbo unaotajwa zaidi unapotajwa yeye ni Ngoma Iko Huku.

Wakati wake nao ulimbeba. Sauti ya Dar es Salaam ilikuwa imeanza kurusha matangazo mwaka 1951, na mwaka 1956 kazi hiyo ikachukuliwa na Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Bendi ya mkoani iliyokuwa na santuri nzuri iliweza sasa kusikika Mwanza, Tanga na Mtwara bila kusafiri. Cuban Marimba ilirekodi kwa ajili ya lebo ya Mzuri, iliyomilikiwa na kampuni ya Assanand ya Mombasa. Mji uliomshinda alipotaka kwenda Cuba ndio uliokuja kuisambaza sauti yake.

Dakika tatu za sahani zilimlazimisha mtunzi kuwa na nidhamu. Ukumbini wimbo ungeweza kurefushwa kadiri wachezaji walivyotaka, lakini mbele ya kinasa sauti ilibidi kila kitu kiingie, kieleweke na kimalizike kabla sahani haijaisha. Ndiyo maana nyimbo za Salum Abdallah hazina porojo. Gitaa linafungua, hadithi inasimuliwa, kiitikio kinajibu, na mambo yamekwisha.

Mji wa bendi mbili

Morogoro haikuwa na bendi moja. Morogoro Jazz ilikuwa imeanzishwa mwaka 1944, kabla hata ya La Paloma. Msomaji wa leo asipotezwe na neno jazz. Nchini Tanzania halikuwa na maana ya muziki wa Marekani wa akina Louis Armstrong. Lilikuwa jina la heshima la bendi ya dansi, tangu Dar es Salaam Jazz iliyoanzishwa mwaka 1932 hadi Western Jazz na Kilwa Jazz zilizotamba baadaye.

Mji ukagawanyika. Kama ilivyo kwa Simba na Yanga, mtu hakuulizwa kama anapenda muziki, aliulizwa yuko upande gani. Wa Cuban Marimba walijivunia sauti na maneno. Wa Morogoro Jazz walijivunia magitaa na ukongwe wa bendi yao. Ushindani huo uliufanya mji mdogo wa mkonge kuwa moja ya ngome za dansi nchini, kwa kuwa hakuna bendi iliyothubutu kulala wakati nyingine inafanya mazoezi.

Novemba 1965, Salum Abdallah alifariki dunia katika ajali ya gari. Mwaka huo huo, Julai, redio ya taifa ilikuwa imegeuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, chombo ambacho kingekuja kurekodi na kuhifadhi nyimbo za mamia ya bendi. SAY aliondoka kipindi hicho kikianza tu. Kazi yake kubwa ilibaki kwenye sahani zilizokuwa zikichakaa majumbani mwa watu.

Uongozi wa Cuban Marimba ulishikwa na Juma Kilaza, aliyeipeleka bendi hiyo katika miaka ya 1970. Upande wa pili, kijana Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka hiyo ya 1960, akaifikisha hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973. Yeye naye alifariki kwa ajali ya gari, mjini Mombasa, Januari 1979.

Hapo ndipo ubishi wa wapenzi wa dansi ulipochukua sura mpya. Wapo wanaosema Mbaraka ndiye mkubwa wa Morogoro, kwa gitaa lake na kwa umaarufu wake Kenya nzima. Wapo wanaojibu kwamba bila Salum Abdallah pasingekuwa na mji wa kumlea Mbaraka. Hoja ya kwanza ina ushahidi mwingi zaidi kwa sababu Mbaraka alirekodi katika zama za mitambo bora. Hoja ya pili inahitaji santuri, na santuri hizo ndizo zilizokuwa zikipotea.

Zilizookolewa

Chukua mfano wa Ruhembe, wilayani Kilosa, katika ukanda wa miwa kati ya Mikumi na Kidatu. Kiwanda cha sukari cha upande huo kilipoanza kazi katika miaka ya 1970, Salum Abdallah alikuwa amekufa miaka kumi hivi. Waliohamia huko wakiwa vijana kutafuta kazi hawakuweza kumwona akiimba. Kwa kizazi hicho SAY alikuwa sauti tupu, ya kwenye redio au ya kwenye sahani ya mtu aliyehama nayo. Sahani ikivunjika, au ukanda ukiliwa na unyevu, sauti hiyo hupungua.

Mwaka 2000, kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilitoa diski iliyokusanya nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba za kati ya mwaka 1955 na 1965, ikabeba jina la wimbo wake, Ngoma Iko Huku. Diski nyingine ya kampuni hiyo ilikusanya nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Mwaka 2007, kampuni ya Buda ya Ufaransa nayo ilitoa mkusanyiko wa dansi la Tanzania la miaka ya 1960 katika mfululizo wake wa Zanzibara.

Matoleo ya namna hii hayatoki hewani. Mara nyingi kanda mama za studio huwa zimepotea, na mtayarishaji hulazimika kuanzia kwenye santuri iliyohifadhiwa na mtu binafsi, kuisafisha, kuicheza kwa sindano inayofaa na kupunguza mikwaruzo bila kuiua sauti. Nyuma ya kila wimbo uliookolewa kuna mtu ambaye hakuiuza sahani yake, hakuitupa, wala hakuwaachia watoto waifanye sinia.

Tatizo ni kwamba diski hizo zilitengenezwa Ulaya na kuuzwa hasa huko. Mpenzi wa muziki wa Berlin au Paris aliweza kuinunua sauti ya SAY dukani wakati mjukuu wa shabiki wake wa Morogoro akitegemea kipindi cha zilipendwa redioni, na baadaye nakala za mtandaoni zisizo na jina la mtunzi wala mwaka. Asiyejua nani aliimba nini hawezi kubishana vizuri, na muziki usiobishaniwa uko karibu kusahaulika.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Salum Abdallah alicheza kwao. Alitamani Cuba, hakuifika, akageuka na kuufanya mji wake uwe mahali ambako wengine walitamani kufika. Kwa upande wa kutunzwa, hadi sasa kazi kubwa imefanywa na wageni pamoja na wenye santuri wachache ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote. Deni lililobaki ni la nyumbani, na kila sahani inayovunjika hulifanya kuwa gumu zaidi kulipika.