Fanny Crosby, Mama wa Nyimbo Zetu

Katika yubilii hii tunawashukuru waimbaji na walimu wa kwaya waliotutangulia. Yuko mmoja ambaye hatukuwahi kumwona, wala hakuwahi kukanyaga Kenya, lakini hakuna mwaka unaopita bila sisi kuimba maneno yake. Huyo ni Fanny Crosby. Kila anayefungua Tenzi za Rohoni amemwimba, hata kama jina lake halijui. Tumeona ni vyema tumkumbuke leo.

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 huko Southeast, katika jimbo la New York, Marekani. Akiwa na umri wa wiki sita macho yake yaliugua. Mtu mmoja aliyejiita tabibu akayawekea dawa ya haradali iliyounguza, na familia yake iliamini kwamba hiyo ndiyo iliyompofusha. Mwaka huohuo baba yake akafariki. Mama yake, Mercy, akaenda kutafuta kibarua, na mtoto akabaki na bibi yake, Eunice. Bibi huyo alimweleza rangi za maua na sauti za ndege, na akamsomea Neno la Mungu. Kabla hajawa msichana mkubwa, Fanny alikuwa ameyaweka moyoni vitabu vitano vya Musa, Injili zote nne, Mithali na Zaburi nyingi. Hazina hiyo ndiyo aliyoichota maisha yake yote.

Mwaka 1835 aliingia shule ya vipofu jijini New York, akasoma na baadaye akafundisha hapo hadi 1858. Mwaka 1849 kipindupindu kiliingia jijini, naye akabaki kusaidia kuuguza wagonjwa. Aliona vifo vingi, na moyo wake ukakosa amani. Vuli ya 1850 alihudhuria mikutano ya uamsho ya Wamethodisti. Mara mbili alikwenda mbele kuombewa akarudi vilevile. Mara ya tatu, tarehe 20 Novemba, ushirika ulipokuwa ukiimba, alijitoa kwa Bwana na furaha ikamjaa. Sisi wanakwaya tuliangalie jambo hilo: wimbo wa ushirika mzima ndio uliomfikisha.

Mwaka 1858 aliolewa na Alexander van Alstyne, mpiga kinanda aliyekuwa kipofu kama yeye. Walipata mtoto mmoja, akafa akiwa mchanga. Fanny alikuwa akikaribia miaka 44 alipoanza kumwandikia nyimbo za injili mtungaji wa muziki William Bradbury, mwaka 1864. Tangu hapo hakuacha. Alitunga nyimbo zaidi ya 8,000, nyingi kwa majina ya kubuni, kwa sababu wachapishaji hawakutaka kitabu kionekane ni cha mtu mmoja. Kwa wimbo mmoja alilipwa dola moja au mbili tu.

Nyimbo hizo ziliimbwa wapi? Kanisani, ndiyo, lakini pia makambini. Huko Marekani Wamethodisti walikuwa na desturi ya kukusanyika porini wakati wa kiangazi kwa siku kadhaa za mahubiri na maombi. Mikutano ya namna hiyo ilivuma tangu ule wa Cane Ridge, Kentucky, mwaka 1801. Familia zilikuja na mikokoteni, zikapiga mahema kuzunguka uwanja mmoja. Mwanzoni walikaa juu ya magogo chini ya miti. Jua na mvua vilipowazidi, wakajenga kibanda cha nguzo na matawi, kisha turubai kubwa, na mwishowe jengo lenye paa pana lililoinuliwa juu ya nguzo, pande zake zikiwa wazi. Jengo hilo wakaliita kwa jina la ile hema ya kukutania ambayo wana wa Israeli waliibeba jangwani. Kule Wesleyan Grove, kisiwani Martha's Vineyard, walikokuwa wakikutana tangu 1835, mwaka 1879 waliliondoa turubai na kusimamisha hema ya chuma, nayo ipo hadi leo.

Hema hiyo haikuwa na ukuta wa kumzuia mtu. Aliyechelewa alisimama nyasini akasikia. Asiyekuwa na nguo nzuri hakuona haya kukaribia. Sauti za waimbaji zilitoka zikafika kwenye mahema ya pembeni, kwa mgonjwa na kwa mama aliyekuwa akibembeleza mtoto.

Kambi aliyoipenda Fanny ni Ocean Grove, ufukweni mwa bahari katika jimbo la New Jersey. Ilianzishwa na Wamethodisti mwaka 1869 kwa mahema machache. Mwaka 1877 wakajenga hema ya mbao iliyopewa jina la Askofu Janes, na mwaka 1894 ukumbi mkubwa wa kuchukua watu karibu 10,000. Kwa miaka mingi Fanny alikwenda huko kila kiangazi, akazungumza na watu na kuwapokea waliotaka kumsalimu. Hakuweza kuliona paa wala umati, lakini alisikia maelfu wakiimba maneno aliyoyatunga kichwani.

Hapo ndipo tunaelewa kwa nini aliandika jinsi alivyoandika. Katika hema kubwa, usiku, bila vipaza sauti, wengi hawakuwa na kitabu mkononi. Ubeti uliweza kuimbwa na wachache, lakini kiitikio kilikuwa cha wote. Maneno yalipaswa kuwa mepesi kushikwa na mazito moyoni. Wimbo tunaouita Ndiyo Dhamana ulizaliwa mwaka 1873, rafiki yake Phoebe Knapp alipompigia sauti mpya aliyoitunga na kumwuliza inasema nini. Fanny alisikiliza, akapata maneno papo hapo.

Sifa hazikumbadilisha. Aliishi katika vyumba vya kupanga, mara nyingi kwenye mitaa ya maskini ya New York, akagawa sehemu kubwa ya alichopata. Alikwenda kwenye vituo vya misheni kukaa na walevi na waliokata tamaa, akiwasikiliza kabla ya kuwahubiria. Alilala tarehe 12 Februari 1915 huko Bridgeport, Connecticut, akikaribia miaka 95.

Thomas Wakefield alipoleta Umethodisti pwani yetu mwaka 1862 na kazi ikaanza Ribe, Fanny alikuwa bado hajaanza kazi hii ya nyimbo za injili. Leo nyimbo zake zinaimbwa kwa Kiswahili matangani, arusini na kwenye kesha, na wengi wetu tulizijua kabla hatujajua kusoma.

Ndugu wanakwaya, tunaposhukuru kwa miaka tuliyopewa, tujiulize swali moja. Tunapoimba, ushirika unaimba nasi, au unatutazama tu? Siku hizi tuna vyombo na sare nzuri, na si vibaya. Lakini mama huyu aliandika ili kila mtu chini ya paa, na hata aliyesimama nje, apate pa kuingilia. Tukiimba hivi kwamba mzee wa kiti cha nyuma anyamaze, tutakuwa tumejenga ukuta mahali ambapo wazee wetu katika imani waliacha wazi. Tuendelee kujifunza sauti zote nne vizuri, na kiitikio kikifika, tuwape wote nafasi.