Siti binti Saad: Binti mfinyanzi aliyekiimbisha Kiswahili

Kabla ya Siti binti Saad, taarab ya Unguja ilikuwa burudani ya wakubwa, ikiimbwa na wanaume kwa lugha ya Kiarabu. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta katika kasri lake kutoka Misri. Aliyeitoa humo na kuwafikishia wanyonge kwa lugha yao ni binti wa kimaskini kutoka shamba.

Siti alizaliwa mnamo 1880 hivi katika kijiji cha Fumba. Babake alikuwa Mnyamwezi na mamake Mzigua. Utumwa ulikuwa haujapigwa marufuku kisiwani, jambo lililofanyika 1897, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hakupata elimu ya shule. Alirithi ufinyanzi wa mamake, akawa akivichukua vyungu kwa miguu hadi mjini, huku akivinadi kwa sauti iliyowatoa watu majumbani.

Mnamo 1911 hivi alihamia mjini, ambako mwanamuziki Ali Muhsin alimfunza kuimba na kupiga ala. Sifa zake zilipoenea hadi kwa matajiri, alitunukiwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mahasidi walimkejeli kwa sura na nasaba yake. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba akili ndiyo pambo la mtu.

Mwaka wa 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili. Santuri hizo zilienea mwambao mzima, na Mombasa haikuachwa nyuma. Waliozisikiliza walikuta humo visa vya mitaani kwao. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, unahusu mauaji ya mwanamke mjamzito aliyetoka Dar es Salaam. Mshukiwa alitoroka, na wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Siti aliwatetea pale ambapo sheria iliwapa kisogo.

Alifariki dunia Julai 8, 1950. Mwandishi Shaaban Robert alimtungia wasifu, na baadaye Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kikaliita jarida lake Sauti ya Siti. Aliyezaliwa akiitwa Mtumwa aliacha jina ambalo wanawake wengine wamejivunia kulitumia kudai haki zao.