Rais Kennedy na Maradhi Aliyoyaficha

Safari hii nimependa kuwaeleza habari za John Fitzgerald Kennedy, aliyekuwa Rais wa Marekani. Wengi humjua kwa kuuawa kwake mjini Dallas tarehe 22 Novemba, 1963, na wengine kwa vijana wa kujitolea wa Peace Corps, ambao kundi lao la kwanza kuja Tanganyika lilifika mwaka 1961, likiwa na wapima ardhi, wahandisi na wataalamu wa miamba. Mimi nina sababu nyingine. Alikuwa na maradhi yale yale aliyo nayo mjomba wangu, mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Geita.

Kennedy alizaliwa tarehe 29 Mei, 1917, katika mji wa Brookline karibu na Boston, nyumbani kwa tajiri. Utoto wake ulikuwa wa kuugua mara kwa mara. Homa hii ikitoka, nyingine huingia. Hata hivyo alijiunga na jeshi la majini, na Agosti 1943 mashua yake ilipokatwa vipande viwili na manowari ya Wajapani, aliogelea kwa saa nyingi akimkokota mwenzake aliyeungua, huku ameuma kwa meno mkanda wa boya la mwenzake huyo.

Mwaka 1946 alichaguliwa kuwa Mbunge. Mwaka uliofuata, akiwa London, alishikwa na udhaifu mkubwa, na daktari akagundua ugonjwa wa Addison. Jina hilo ni la Thomas Addison, daktari wa hospitali ya Guy's ya London, aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1855. Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo iitwayo adrenali. Tezi hizo hutoa kotisoli, nayo hushikilia msukumo wa damu na sukari mwili unaposhambuliwa na homa, jeraha au kisu cha daktari. Hutoa pia kitu kingine kinachozuia chumvi isipotee katika mkojo. Zikiharibika, mtu hukonda, huchoka, hutamani chumvi, na ngozi yake huzidi kuwa nyeusi. Addison aliona kuwa kifua kikuu ni mojawapo ya maradhi yanayoziharibu, na ndivyo ilivyompata mjomba.

Daktari yule wa London hakudhani Kennedy angemaliza mwaka. Alirudishwa kwao kwa meli akiuguzwa njia nzima, na kasisi akampa sakramenti ya wagonjwa. Kilichomwokoa ni dawa: kwanza tembe zilizopandikizwa chini ya ngozi ya paja, kisha kotisoni.

Tarehe 21 Oktoba, 1954, alipasuliwa mgongo huko New York. Kulikuwa na madaktari waliokataa kumpasua, kwa kuwa mtu ambaye tezi zake hazifanyi kazi huweza kufa kwa mshtuko wa kupasuliwa tu. Waliokubali walimwongezea dawa kabla na baada. Siku chache baadaye alipata maambukizo, akapoteza fahamu, na kasisi akaitwa tena. Lakini alipona, akarudi katika Baraza la Seneti Mei 1955. Mwaka huo huo jarida la madaktari lilieleza habari za mgonjwa wa miaka 37 bila kumtaja jina; ilikuwa mwaka 1967 daktari mwingine alipolinganisha tarehe na kuonyesha kuwa ni yeye.

Hapa ndipo ninapomlaumu. Katika uchaguzi wa 1960 watu wake walikana kabisa kwamba ana ugonjwa huo. Naelewa, pengine asingechaguliwa. Mjomba naye aliwaficha wenzake wa duara, akiogopa kunyimwa kazi. Desemba iliyopita malaria ilimshika, akatapika vidonge vyake siku mbili, na hao wenzake wakamwacha alale kwa kudhani ni uchovu. Alipofikishwa hospitali msukumo wake wa damu ulikuwa haupimiki vizuri. Bahati mkewe alikuwa amefunga kichupa cha vidonge katika pindo la kanga. Muuguzi alipokisoma alimwita daktari mbio. Mjomba alipigwa haidrokotisoni miligramu 100 mshipani, bila kungoja majibu ya damu, akapewa lita ya maji ya chumvi ndani ya saa ya kwanza, na glukosi pia, maana sukari ilikuwa imeshuka, kisha dawa ya malaria. Nilikuwa likizo, nikakesha pale. Kila robo saa muuguzi alipima msukumo wa damu na mapigo ya moyo. Alipima sukari tena na tena, akaandika kiasi cha mkojo, akamwita jina ili ajue kama fahamu ipo, na alimkataza kuinuka hata kidogo. Alfajiri mjomba aliomba uji, tena utiwe chumvi.

Kennedy alipompokea Mwalimu Nyerere huko Washington Julai 1963, alikuwa bado akitumia dawa zake. Mjomba sasa hubeba karatasi ya hospitali mfukoni, lakini wenzake wa duara hajawaambia. Likizo ya Juni nitakwenda na gazeti hili.