Alan Turing, Aliyeifundisha Mashine Kuigiza

Mwaka huu nawaletea maisha ya Alan Turing. Nilimjua kupitia mjomba wangu wa Section 58. Ana kompyuta ya zamani, Sinclair Spectrum, aina iliyotoka mwaka 1982. Kifaa cha ndani kilichokuwa kikichora picha kwenye televisheni kiliungua, na mchezo aliotunga akiwa kijana kama mimi ukabaki umefungwa kwenye kaseti.

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Mwaka 1926 shule ilipofunguliwa, wafanyakazi wa treni walikuwa wamegoma. Kijana huyu wa miaka 13 alipanda baiskeli, akakata karibu kilomita 97, mbali kuliko Nakuru hadi Naivasha! Jamani, sisi wa kutwa tunachelewa kwa kukosa matatu tu.

Mwaka 1936, kabla ya kompyuta kama zetu kuwapo, alionyesha kwa hesabu kwamba mashine moja ikipewa kanuni za nyingine yaweza kuigiza kazi yake yote. Wakati wa vita alifumbua siri za Wajerumani huko Bletchley Park. Kazi kama hiyo ilifika hata kwetu: mwaka 1942 Shule ya Allidina Visram, Mombasa, ilifanywa kituo cha kufumbua siri za Wajapani.

Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa. Huyu hakutunzwa. Mwaka 1952 alihukumiwa kwa uhusiano na mwanamume mwenzake, jambo lililokatazwa na sheria ya Uingereza wakati ule. Badala ya jela alitiwa dawa za homoni, na kazi za siri akanyimwa. Alikufa kwa sumu tarehe 7 Juni 1954, akiwa na miaka 41. Msamaha wa Malkia ulikuja mwaka 2013.

Likizoni mjomba aliingiza kaseti yake kwenye lapitopu, nami nikaandika programu ya kuigiza kile kifaa kilichoungua. Skrini ile ilikuwa na nukta 256 kwa 192, na kila kimraba cha nukta 8 kwa 8 kilikuwa na rangi mbili tu. Mara ya kwanza picha ilitoka vipande vipande. Kumbe katika kumbukumbu ya mashine ile, baada ya mstari wa kwanza hufuata wa tisa, si wa pili! Nilipofuata kanuni hiyo, mchezo ukatokea. Mjomba alinyamaza, kisha akaniambia nimpishe kiti.

Mashine iliyokufa tuliirudisha kwa kuigiza. Mtu harudi hivyo. Basi wenzangu, anayecheza vizuri kwetu tumtunze angali hai.

Mwanachama, Kidato cha Tatu